Kiti cha Nne

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, saa moja kasorobo,
Porto ingali imejifunika ukungu wa mto wake
nasi tumekwisha kuvua makoti,
kila mtu mkono wa kushoto nje ya shuka
kama anayengoja kuvishwa saa.
Muuguzi Firmino hachomi sindano kabla ya kuuliza:
"Haya, leo mnasikiliza nini?"

Pampu inaanza.
Kigurudumu si kikubwa kuliko kisahani cha kahawa,
kinaitoa damu yangu, kinairudisha,
kinaitoa, kinairudisha,
kinapungukiwa kidogo tu na mwendo wa santuri.
Nimehesabu. Nilikuwa fundi wa lifti miaka thelathini na moja,
kitu kinachozunguka hakinidanganyi.

Bi Zulmira wa kiti cha kwanza, wiki ya tatu hii, hajabadilisha:
mwanamke wa Setúbal na gitaa la nyuzi kumi na mbili,
nyimbo tisa, zote za mume asiyerudi.
Wa kwake Zulmira alirudi kila jioni mpaka akamchosha,
lakini wimbo wa sita ukifika, analia.
"Msiruke hata mmoja," anatuonya.
"Albamu ni supu. Ukichagua vipande, umekula nini?"

Gaspar ana miaka ishirini na minne na figo za mzee.
Analeta Wafini wanaonguruma kama friji bovu.
Siku moja akanipa spika moja ya sikioni:
"Mzee Belmiro, sikiliza chini ya kelele.
Chini kabisa kuna mtu anaimba taratibu."
Nilisikiliza dakika ishirini.
Yupo kweli.
Yupo kama jirani nyuma ya ukuta,
humjui jina, unamjua kwa kijiko chake kikombeni.

Yeye ndiye aliyeleta ile iitwayo *Nusu Lita*.
Nusu lita! Maji yetu ya siku nzima, pamoja na ya dawa!
Tulicheka mpaka mashine mbili zikapiga king'ora,
Firmino akaja mbio, akasoma jalada,
akacheka yeye pia, mgongo ameutugeuzia.

Mimi nina bendi ya wazima moto wa Amarante,
tarumbeta na ngoma, walirekodi ndani ya gereji.
Upande wa pili, katikati ya wimbo mpole, mtu anakohoa.
Nyimbo zenyewe ni za kawaida.
Kikohozi ndicho ninachokipenda.

Na Amílcar, kiti cha nne, karani mstaafu wa mahakama,
mzaliwa wa Mindelo, mtu wa maneno machache,
aliniazima diski ya akodiani ya kwao
ndani ya bahasha yenye muhuri, kana kwamba ni ushahidi.
"Utanirudishia Alhamisi."

Jumatatu, saa nane za usiku, simu yake ikalia.

Alhamisi kiti kilikuwa na shuka jipya.
"Yuko Coimbra," alisema Firmino. "Imeshika. Anakojoa."
Anakojoa!
Tukapiga makofi kwa mkono mmoja, kwenye paja,
mwingine umefungwa kwa mirija.
Kisha kila mtu akavaa spika zake upesi,
na Zulmira alilia mapema, wimbo wa pili.
Sikumwuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nauma shavu kwa ndani.

Diski ninayo bado.
Ina mkwaruzo wimbo wa nne,
akodiani inapanda ngazi ile ile mara saba
kabla ya kupata mlango.
Angekuwa lifti, ningemtengeneza.
Namwacha apande.

Leo kiti cha nne kina mgeni, Bi Ermelinda,
macho hayabanduki kwenye mrija uliogeuka mwekundu.
Firmino akauliza swali lake.
"Mimi?" akasema. "Sina albamu mimi.
Nina redio tu, jikoni."
Zulmira akavua spika zote mbili,
jambo ambalo hatujapata kuliona:
"Na jikoni, mama, jana kulikuwa kunapigwa nini?"